Je, Kumlilia Dada Yangu ni Kukosa Imani?

Swali: Mchungaji, Bwana asifiwe. Dada yangu mkubwa alifariki miezi saba iliyopita kwa saratani. Tulifunga na kuomba, na wapo waliotuambia Mungu amewaonesha kwamba atapona. Siku ya mazishi mimi ndiye niliyeongoza maombi. Ndugu wa kanisani walinisihi nisilie ili watu waone kwamba sisi tuna tumaini, nami sikulia. Sasa nalia usiku watoto wangu wakishalala, na sijui tena nimwombe Mungu nini. Mwakani nitafikisha umri aliokuwa nao dada alipofariki, na kila nikisikia maumivu mwilini nashikwa na hofu ya kufa. Tena, miaka yake ya mwisho dada hakuwa akihudhuria ibada, na mama huniuliza yuko wapi sasa. Je, imani yangu imekwisha? Familia wanataka niongoze pia ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Nikubali?

Jibu: Asifiwe milele, ndugu yangu. Pole sana kwa kuondokewa na dada, na unifikishie pole kwa mama. Umeuliza mengi kwa pamoja, na ndivyo msiba ulivyo, hauji na swali moja. Nitayajibu yote, ila nitaanza na lile lililokufanya uandike.

Imani yako haijakwisha. Umeandika kwamba hujui umwombe Mungu nini, hukuandika kwamba hakuna wa kumwomba. Kilichokupata ni kwamba ulinyimwa ruhusa ya kuomboleza siku ulipoihitaji zaidi, na maombolezo yasiyopewa nafasi mchana huitafuta usiku. Waliokusihi usilie walikutakia mema, lakini walikutwika mzigo ambao Maandiko hayakuutwika mtu yeyote.

Bila shaka walikuwa na 1 Wathesalonike 4:13 moyoni, pale Paulo anapowaambia waamini wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini". Usome mstari huo taratibu. Paulo hasemi msihuzunike. Anatenganisha huzuni na huzuni: ipo isiyo na tumaini, na ipo yenye tumaini, na zote mbili ni huzuni. Ukitaka kujua Paulo mwenyewe alikuwaje mbele ya kifo cha mpendwa wake, fungua barua kwa Wafilipi. Katika sura ya 1 ameandika maneno ambayo hayakosi msibani, kwamba kwake kuishi ni Kristo na kufa ni faida. Sura inayofuata anaeleza jinsi Epafrodito alivyougua karibu ya kufa, kisha Mungu akamhurumia, "wala si yeye tu, ila na mimi pia nisiwe na huzuni juu ya huzuni". Mtu yuleyule, katika barua ileile! Kufa kwake mwenyewe anakuita faida, lakini kufa kwa rafiki yake kungemrundikia huzuni, na haoni aibu kuliandika hilo kanisa zima lisome.

Ibrahimu, baba wa imani, alimlilia Sara kabla ya kwenda kutafuta mahali pa kumzika. Israeli walimlilia Musa siku thelathini. Stefano alikufa akiziona mbingu zimefunguka, wala hapakuwa na shaka yoyote alikokwenda, na bado Matendo 8:2 husema watu watauwa walimzika na kumfanyia maombolezo makuu. Hao ni watauwa, si wachanga wa imani.

Kisha yupo Bwana wetu mwenyewe kaburini kwa Lazaro. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia sentensi ileile: Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Lilikuwa lalamiko, maana walikuwa wamemtumia habari mapema, naye akakaa siku mbili zaidi pale alipokuwapo. Hakumkemea hata mmoja wao. Martha alipewa neno, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Mariamu alipokuja akilia, Yesu aliugua rohoni, akauliza walikomweka, akalia machozi. Alijua kwamba muda si mrefu atamwita Lazaro atoke. Kama kuujua ufufuo kungekausha machozi, basi ya kwake yangekauka kabla ya ya mtu mwingine yeyote.

Kwa nini alilia, basi? Mimi naamini ni kwa sababu aliliona kaburi jinsi lilivyo. Katika 1 Wakorintho 15:26 mauti inaitwa adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa. Siku hizi nasikia mahubiri mengi ya mazishi yanayoifanya mauti kuwa rafiki, au safari tu, au cheo alichopandishwa marehemu. Yanatuliza kwa saa moja, halafu mfiwa anarudi nyumbani na kujiona mbaya kwa kumchukia huyo "rafiki". Imani yetu haidai hivyo. Inasema mauti ni adui, na kwamba adui huyo ameshindwa na Kristo, ingawa bado anaumiza hadi siku atakapoondolewa kabisa. Ndiyo maana Mkristo anaweza kulia na kutumaini kwa pumzi moja. Kumlilia dada yako ni kukubaliana na Mungu kwamba kifo hakikupaswa kuwapo.

Nikiwa hapo, niseme jambo kuhusu maneno tunayoambiana. "Sisi tulikupenda lakini Mungu amekupenda zaidi." Ninajua husemwa kwa moyo mwema, lakini mtoto aliyefiwa na mama akiyasikia hubaki akidhani Mungu alishindana naye, akashinda. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni kweli, ila ikitamkwa kabla mtu hajamaliza kulia humfunga mdomo. Hata "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno ya Ayubu wa sura ya 1, na huyo hukaribishwa kila msiba. Ayubu wa sura ya 3, anayeilaani siku aliyozaliwa, huachwa nje. Mwisho wa kitabu, Mungu huwakasirikia wale marafiki waliokuwa na maelezo ya kila kitu, akasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Jambo jema walilofanya marafiki hao ni lile la mwanzo, walipoketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno.

Wewe si wa kwanza kuongoza maombi kwa macho makavu. Mwaka 387 Monika, mama yake Augustino, alifariki huko Ostia, bandari ya Roma. Augustino alikuwa katika mwaka wa 33 wa maisha yake, amebatizwa mwaka uleule. Mwanawe Adeodato alipoangua kilio, waliokuwapo walimnyamazisha, kwa kuwa waliona haifai kumlilia mama aliyekufa katika imani. Augustino akajikaza mazishini, hakutoa chozi, huku moyoni akiteketea na kujikasirikia kwa kuteketea huko. Alikwenda kuoga akidhani maji yatamwondolea huzuni, nayo haikuondoka. Alipolala na kuamka, akiwa peke yake mbele za Mungu, ndipo alipoyaacha machozi yatiririke. Baadaye aliyaandika hayo yote, akamwomba msomaji asimcheke, na kama ana upendo, amlilie yeye dhambi zake. Huyo ni mwalimu ambaye kanisa limemsoma kwa zaidi ya miaka 1,600, na machozi yake ya faragha hayakumpunguzia imani. Yako pia hayakupunguzii.

Sasa maombi yasiyojibiwa. Sitakupa sababu ya Mungu kutomponya dada yako, kwa kuwa Mungu hakuniambia, na sidhani kwamba aliwaambia wale waliosema wameoneshwa atapona. Kumbukumbu la Torati 18:22 husema nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitokee, amenena kwa kujikinai. Walio na hofu ya Mungu wangerudi kwenu kuomba msamaha. Wasiporudi, wewe usibebe kosa lao kana kwamba ni Mungu aliyewadanganya.

Wala usikubali kuambiwa kwamba hamkuwa na imani ya kutosha. Katika Matendo 12, Herode anamuua Yakobo, nduguye Yohana, kwa upanga. Kisha anamkamata Petro, kanisa linaomba kwa bidii, malaika anamtoa gerezani. Mitume wawili, kanisa moja, mfalme mmoja. Luka hasemi Petro alikuwa na imani kumzidi Yakobo, wala hasemi hata neno moja la kueleza tofauti hiyo. Paulo, ambaye hata leso zake zilipelekewa wagonjwa wakapona, alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Na Yesu alipotaja habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikataa kata kata hesabu ya nani alikosa zaidi.

Ukumbuke na hili: Hezekia aliongezewa miaka 15, kisha akafa. Lazaro alitoka kaburini, kisha siku nyingine akarudi kaburini. Kuponywa ni zawadi kubwa, nami bado nawaombea wagonjwa wangu wapone, lakini hakuna uponyaji wa maisha haya uliowahi kuwa jibu la mwisho. Mungu alijibu mauti kwa kumfufua Mwanawe, na jibu hilo dada yako hajalikosa kwa kufa.

Uliniambia hujui uombe nini. Kwa sasa usitunge maombi, azima ya watu wengine. Zaburi ya 13 ni fupi, na inaanza kwa kuuliza "hata lini" mara nne, tena kwa mtu anayemwambia Mungu waziwazi kwamba amemsahau. Isome usiku ule machozi yanapokuja, na ukishindwa kufika kwenye mistari ya sifa mwishoni, ishia pale ulipofika. Siku nyingine soma ya 88. Hiyo haina mistari ya sifa kabisa. Neno lake la mwisho ni giza. Mungu aliiacha ndani ya kitabu cha sala za watu wake kwa ajili ya usiku kama wako. Na usiku ambao hata hiyo itakuwa nzito, Warumi 8:26 inatosha: Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kukaa kitandani ukiwa huna neno, mbele za Mungu, nako ni kuomba.

Pia usijipime kwa hatua. Huenda umesikia kwamba huzuni ina hatua tano na kwamba miezi saba ni muda wa kutosha kuzipita. Daktari Elisabeth Kübler-Ross alizieleza hatua hizo mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokaribia kufa, si wafiwa, na wafiwa wengi hawazipiti kwa mpangilio. Karibu na ukweli zaidi ni walichoeleza watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi, leo anamkabili marehemu na pengo lake, kesho anashughulika na kazi na watoto, na kuyumba huko ndiko kunakomsaidia kuendelea. Kwa hiyo ukicheka mchana na kulia usiku hujawa mnafiki.

Ila kuna mpaka wa kuuangalia. Ikiwa miezi inapita na uchungu haulegei hata kidogo, huwezi kufanya kazi wala kuwalea watoto, hulali, huli, au unaanza kutamani ufe umfuate dada, usingoje wala usijifiche kwa kuona aibu. Madaktari wanaitambua huzuni iliyokwama namna hiyo kama tatizo lenye tiba, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya magonjwa. Mawazo ya kujiua yakija, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitali. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena, akamlisha tena, na mazungumzo yakaja baadaye sana.

Kuhusu swali la mama. Hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu mchungaji anaweza kumjeruhi mama kwa kusema asichokijua, upande wowote. Sijui yaliyopita kati ya dada yako na Mungu wakati wa ugonjwa wake. Wewe hujui, na mama hajui. Mahudhurio ya ibada tunayahesabu sisi. Moyo huangaliwa na Bwana. Mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwa na rekodi yoyote ya kumtetea, alikuwa na sentensi moja tu, "nikumbuke", akaahidiwa peponi siku ileile. Sisemi hivyo ili nimtangaze dada yako kuwa huku au kule. Nasema funguo za mauti na za kuzimu, kwa maneno ya Ufunuo 1:18, zimo mkononi mwa Kristo, na mkono huo una alama za misumari. Mwambie mama: "Yuko mikononi mwa Yule aliyempenda kabla sisi hatujampenda." Naye akiuliza zaidi, muulize swali la Ibrahimu: Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki? Madhehebu yetu yanatofautiana kuhusu kuwaombea marehemu. Wakatoliki na Waorthodoksi huomba, Waprotestanti wengi hawaombi. Lakini wote tunamkabidhi aliyekufa kwa Mungu, na mama anaweza kufanya hivyo kila siku bila kujua zaidi.

Sasa hofu yako ya kufa. Kwanza nenda kwa daktari, na umwambie kwamba dada yako amefariki kwa saratani, ya aina gani, na akiwa na umri gani. Baadhi ya saratani, kama ya matiti na ya utumbo mpana, huweza kuhusiana na mambo ya kurithi, na daktari ndiye wa kuamua kama unahitaji vipimo. Kufanya hivyo si kutomwamini Mungu. Watu wengi waliofiwa na kaka au dada huishi wakiuhesabu mwaka ule na kuungoja kwa wasiwasi, hivyo usidhani ni unabii unaokujia. Ni huzuni inayohesabu.

Lakini hofu yenyewe, hata ukiambiwa u mzima, haitaondoka yote, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Siku moja utakufa. Waebrania 2 husema Kristo alishiriki damu na mwili ili awaweke huru wale ambao maisha yao yote walikuwa watumwa kwa hofu ya mauti. Angalia kwamba anawakomboa kutoka katika utumwa. Kutetemeka mbele ya kifo si dhambi. Yeye mwenyewe kule Gethsemane alisema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akaomba kikombe kimwepuke. Alikuwa na huzuni hiyo, akaomba nayo, akaamka akaenda. Utumwa ni pale hofu inapoanza kukuamulia: huwapangii watoto lolote, humsamehei mtu, husikilizi kitu kingine ila mwili wako.

Njia ya kutoka humo si kujilazimisha usifikirie kifo. Musa aliomba kinyume chake katika Zaburi ya 90, afundishwe kuzihesabu siku zake. Wewe unauhesabu mwaka mmoja tu. Jifunze kuzihesabu zote, pamoja na ya leo. Isaya alipopelekwa kwa Hezekia alisema, tengeneza mambo ya nyumba yako. Basi tengeneza. Andika wosia. Mweleze mkeo mambo ya fedha na nyaraka zilipo. Kama kuna mtu mliyekosana, mtafute. Nimeona watu wakilala vizuri zaidi baada ya kufanya hayo kuliko baada ya mahubiri yangu kumi, kwa kuwa sehemu kubwa ya hofu ya kufa ni hofu ya kuwaacha wengine katika shida.

Na ile sehemu inayobaki, ile ya usiku, ipe neno moja la kushika. Mwaka 1563 Wakristo wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha katekisimu ambayo swali lake la kwanza huuliza faraja ya pekee ya mtu katika kuishi na katika kufa ni ipi. Jibu halikuanza na mbingu. Linaanza kwa kusema kwamba mimi si mali yangu mwenyewe, ni mali ya Mwokozi wangu Yesu Kristo. Ndiyo Warumi 14:8: "kama tukiishi au kama tukifa, tu mali ya Bwana." Hofu ikikuamsha usijadiliane nayo. Tamka mstari huo, mara moja au mara kumi, ukalale tena au ukae macho. Kwa vyovyote u mali yake.

Mwisho, ibada ya kumbukumbu. Usiongoze. Waambie familia kwa upole kwamba safari hii unakuja kama mdogo wake marehemu, na umwombe mchungaji wenu au mzee wa kanisa aichukue ibada yote. Keti karibu na mama. Ukitaka kufanya jambo, simulia habari za dada kwa dakika chache: alivyokuwa, alivyokulea, alichokuwa akikukasirisha nacho. Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia na kumwonesha kanzu na nguo alizowashonea, wala hakuna aliyewanyamazisha. Ikitokea ukalia katikati ya maneno yako, nyamaza, vuta pumzi, uendelee pale ulipoishia. Na ndugu wakija tena kukusihi ujikaze, wasomee Yohana 11:35, halafu uwaombe waketi nawe.